Mifupa ya Ruhuhu na Wana wa Adamu

Mkulima wa Ruvuma hahitaji kuelezwa nyani ni nani. Mahindi yakianza kubeba, watoto hudamka kwenda kuamia shamba, na bado jioni utakuta mstari mzima umelazwa chini, mahindi mabichi yametafunwa nusunusu na kutupwa. Kumwita mtu nyani, kwetu, ni tusi la kupigania. Sasa mtu huyo akiambiwa kwamba sayansi inafundisha binadamu ametokana na nyani, atajibu nini? Atakataa. Na ana haki ya kukataa, maana sayansi haijawahi kufundisha hivyo.

Nimefundisha biolojia Songea kwa miaka mingi, na Jumapili naketi benchi moja na wazazi wa wanafunzi wangu. Swali la kama mageuko ya viumbe yanaweza kukaa nyumba moja na imani ya dini limenifuata darasani, misibani, hata ndani ya daladala ya kwenda Peramiho. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: yanaweza kukaa nyumba moja, ila si bure. Muumini kuna kitu atakiacha, na mpenda sayansi naye kuna kitu atakiacha. Wengi wanaosema "vinapatana tu" hawaitaji gharama hiyo. Na wengi wanaosema havipatani kamwe wanapigana na maneno. Jambo lenyewe bado hawajalifikia.

Kwa hiyo tuanze na hayo maneno. Ndugu wa damu aliye karibu zaidi na binadamu, kwa maelezo ya wanabiolojia, ni sokwe, yule wa Gombe na Mahale, na hata yeye si babu yetu. Sisi na sokwe tulikuwa na mababu wamoja, waliokwisha kutoweka, miaka milioni 6 au 7 hivi iliyopita. Nyani alijitenga na ukoo huo zamani zaidi ya hapo. Mtu anayejua kuhesabu ukoo wake hapati shida na jambo hili: mimi na binamu yangu tuna babu mmoja, lakini sikuzaliwa na binamu yangu.

Neno la pili ni "nadharia". Mtaani, nadharia ni kinyume cha vitendo: fundi aliyesoma nadharia tu hapewi gari la mtu. Kwa wanasayansi neno hilo hubeba uzito mwingine kabisa, yaani maelezo mapana yaliyobanwa na ushahidi wa pande nyingi na yakakataa kuvunjika. Kwamba vijidudu huleta kipindupindu ni nadharia kwa maana hiyo hiyo, na hatujasikia mganga mkuu akiruhusu watu wanywe maji machafu kwa kuwa ni nadharia tu. La tatu ni "mageuzi", ambalo tangu kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992 linanukia siasa: watu wamekaa, wamepanga, wameamua kubadili. Mageuko ya viumbe hayana kikao. Watoto huzaliwa wakitofautiana kidogo, mazingira huwachuja, waliobaki hurithisha walichonacho, na hali hiyo hujirudia kwa muda ambao akili zetu zinachoka kuuhesabu.

Upande wa pili, lugha yetu imeegemea imani kuliko tunavyotambua. Binadamu ni bin Adam, mwana wa Adamu. Kiumbe ni kilichoumbwa. Mwalimu akitamka "viumbe hai" ameshakiri uumbaji kabla hajaandika kichwa cha somo. Ongeza kwamba somo lenyewe, kwa mtaala tuliokwenda nao miaka mingi, lilikuja kwa Kiingereza: kwanza kwenye historia ya kidato cha kwanza, kisha kwenye biolojia ya kidato cha nne. Mtoto analibeba neno la kigeni hadi nyumbani, bibi yake anamuuliza leo mmesoma nini, naye anatafuta la kusema. Pengo hilo ndilo linalojazwa na nyani.

Baada ya maneno, mifupa. Watu wengi wa Songea niliozungumza nao wanajua Olduvai, ambako Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959. Wachache sana wanajua kwamba mkoa wao wenyewe unatajwa katika vitabu vya historia ya uhai duniani kote. Mwaka 1933 mtaalamu kutoka Cambridge, Francis Rex Parrington, alikusanya visukuku katika Bonde la Ruhuhu, ambalo mto wake unamwaga maji Ziwa Nyasa. Miongoni mwa alivyovibeba ulikuwamo mfupa wa mkono wa mnyama ambaye jina lake halikutangazwa rasmi hadi karibu miaka 80 baadaye: Nyasasaurus parringtoni. Ana umri wa miaka milioni 240 na zaidi. Ama ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni ndugu wa karibu mno wa dinosaria wa kwanza. Watafiti wameacha milango yote miwili wazi.

Watafiti waliorudi bondeni kuanzia mwaka 2007 wameongeza majina, na majina yenyewe ni Kiswahili. Mwaka 2010 alitangazwa Asilisaurus kongwe. Mwaka 2014 akaja Nundasuchus songeaensis, mla nyama wa karibu mita 3, aliyeunganishwa kutoka vipande visivyohesabika. Songea hiyo ni Songea yetu. Nunda naye ni yule wa hadithi ya Sultani Majinuni, paka aliyeanza kwa kula mifugo akaishia kula watu. Nikiwaandikia wanafunzi majina haya ubaoni darasa linabadilika. Jambo lililokuwa la Wazungu linakuwa la kwao.

Lakini ushahidi ulionifunga mimi binafsi si wa mijitu hiyo. Ni wa wanyama wadogo ambao hata jina la Kiswahili hawana, waitwao sinodonti, ambao mabaki yao nayo yamepatikana Ruhuhu na ambao Parrington aliwashughulikia sana. Ili kuwaelewa, chukua taya la chini la mbuzi. Mimi ninalo moja, la mbuzi wa Krismasi, lililochemshwa na kuanikwa juani hadi likawa jeupe. Ukilishika upande mmoja unaona ni mfupa mmoja tu, kuanzia meno ya mbele hadi kwenye bawaba. Lako ni hivyo hivyo. La mamba si hivyo: kila upande umeungwa kwa mifupa kadhaa, na bawaba yake ni ya mifupa mingine kabisa. Sasa nenda ndani ya sikio. Mamba ana kijifupa kimoja cha kupitishia sauti. Wewe na mbuzi mnavyo vitatu. Viwili vya ziada vilitoka wapi? Katika sinodonti, kadiri miamba inavyokuwa michanga, mifupa ya nyuma ya taya inazidi kupungua huku ule wa mbele ukizidi kutawala, na kwa baadhi ya wale wa mwishomwisho utakuta bawaba mbili kwa pamoja, ya kale na mpya. Hatimaye vijifupa vilivyoachwa na taya vinaonekana vikifanya kazi ya kusikia. Na mimba ya mamalia bado inaonyesha vijifupa hivyo vikianzia tayani kabla ya kuhamia sikioni.

Siku moja nilipolipitisha taya lile dawati kwa dawati, binti mmoja wa kidato cha nne, mtoto wa katekista wa kigango cha pembeni mwa mji, aliligeuza mara mbili, akajigusa mbele ya sikio huku akifungua na kufunga mdomo. Kisha akauliza, "Mwalimu, hili linaingia wapi kwenye kitabu cha Mwanzo?" Nilimwambia, "Mwanangu, chukua taya uende nalo nyumbani Ijumaa, umuulize na baba." Nitamrudia.

Kuna wanaosema mifupa ni mambo ya zamani, nani aliona? Kwao sina haja ya kwenda bondeni. Mtu mzima yeyote wa mkoa huu anakumbuka klorokwini, ile dawa chungu iliyowawasha watu mwili mzima. Ilifanya kazi, kisha ikaacha. Vimelea vichache vilivyoweza kuistahimili ndivyo vilivyobaki na kuzaana, na mwaka 2001 Tanzania ikaiweka kando ikachukua SP. Miaka 5 baadaye SP nayo ikapisha dawa mseto. Huo ni uteuzi asilia, umepita katika damu yetu ndani ya kizazi kimoja. Au shuka Mbamba Bay uwatazame mbuna kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, wa bluu, wa njano, wenye milia: mamia ya spishi za jamii hiyo ya samaki, karibu zote hazipatikani ziwa jingine lolote duniani, na vinasaba vyao vinaonyesha kwamba zimechipuka kutoka kwa mababu wachache katika muda ambao kwa jiolojia ni juzi. Darwin alisafiri hadi Galápagos. Mtoto wa Nyasa anaoga na ushahidi huo kila jioni.

Mbona basi imani na mageuko vilianza vibaya huku kwetu? Sehemu ya jibu ipo Songea mjini, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni zaidi ya 60, Nkosi Mputa Gama akiwamo, na siku chache baadaye Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umebeba jina lake. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na bado unakidai. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja hapa tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, aliahidi kusaidia kukitafuta. Enzi zile mafuvu ya Waafrika yalikusanywa kwa mamia na kupelekwa Berlin, yakapimwa kwa bikari ili kupanga watu madaraja, na waliofanya hivyo waliita kazi yao sayansi ya asili ya binadamu. Mzee wa Kingoni aliyekataa kusikiliza wanayosema watu wa mafuvu hakuwa mjinga. Alikuwa na msiba.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu naipenda sayansi hii, na kwa sababu ilijirekebisha. Mifupa ya Afrika Mashariki na vinasaba vya watu wa leo vimesema kitu ambacho wapima mafuvu hawakukitaka: binadamu wote ni spishi moja, asili yao ni bara hili, na tofauti za rangi ni ngozi juu juu. Wana wa Adamu wote ni ndugu, dini zilikuwa zimeshasema. Hapo sayansi ilichelewa kufika, na ilipofika ilikuta watu wamekaa.

Dini nazo hazina jibu moja. Kanisa Katoliki, ambalo limeutawala mkoa huu tangu Wabenediktini walipofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, lilikwenda polepole. Mwaka 1950 Papa Pius wa 12 aliruhusu wasomi wachunguze kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe waliotangulia, kwa sharti kwamba roho ya kila mtu huumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Yohane Paulo wa Pili akatamka kwamba mageuko yamekwisha kuvuka hatua ya kuwa dhana ya kujaribia. Nimekutana na Wakatoliki wengi Songea wanaoshangaa kusikia hayo. Kuna maaskofu wanayajua, vigango havijaambiwa. Chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu James kilipoanzishwa hapa mjini kiliwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na Augustino huyo, Mwafrika wa Kaskazini aliyefariki mwaka 430, ndiye aliyefundisha kwamba siku 6 za Mwanzo hazilazimiki kuwa siku za jua, na akawaonya Wakristo waache kuropoka kuhusu nyota na wanyama mbele ya watu wanaovijua, wasije wakaidhalilisha Injili.

Wasabato wako imara upande wa pili: mkutano wao mkuu wa mwaka 2015 huko San Antonio, Marekani, uliandika wazi kwamba siku hizo 6 ni siku halisi na za hivi karibuni. Makanisa mengi ya kilokole yanasema hivyo bila kuandika. Kenya, mwaka 2006, Askofu Boniface Adoyo aliongoza upinzani dhidi ya makumbusho ya Nairobi kumpa nafasi ya heshima Mvulana wa Turkana, mifupa ya miaka milioni 1 na nusu iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Mvulana alibaki mahali pake. Siwacheki watu hawa. Wameona gharama ambayo wengine tunaificha, ingawa nadhani wamekadiria bei isiyo yake.

Waislamu wa Tunduru na wa hapa mjini wana hali tofauti kidogo. Umri wa dunia hauwasumbui, kwa kuwa Kurani haina orodha ya vizazi inayoweza kujumlishwa ikatoa mwaka wa uumbaji. Wapo wanaomtaja al-Jahiz wa Basra, mwandishi wa karne ya 9 aliyeandika juu ya wanyama wanavyowindana na aliyewatetea Wazanji kwa kalamu, kuwa ni Darwin kabla ya Darwin. Naona wanazidisha. Mwenye uzito zaidi ni Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Lebanon, ambaye mwaka 1888 alisema kwamba mageuko yakithibitika kwa hoja ya kukata shauri, aya zinaweza kufasiriwa ipasavyo, kwa kuwa yote mawili yatakuwa yametoka kwa Mungu mmoja. Ugumu wa Mwislamu uko mahali pamoja: Adamu, aliyeumbwa kwa udongo pasipo baba wala mama. Wapo wanazuoni wa leo wanaokubali mageuko ya viumbe vyote wakamtoa Adamu peke yake kama muujiza, na wengine wanaosema maandiko hayakukanusha wala kuthibitisha kuwapo kwa viumbe wengine mfano wa watu wakati wake, hivyo tunyamaze pale yaliponyamaza.

Hapo kwa Adamu ndipo pagumu kwa Mkristo pia, na ndipo wanaosema "vinapatana tu" huharakisha hatua. Vinasaba vinaonyesha kwamba mababu zetu hawajawahi kupungua hadi kubaki watu wawili tu, walikuwa maelfu. Mafundisho ya dhambi ya asili yamejengwa juu ya mtu mmoja aliyeanguka. Pius wa 12 aliliona hilo na akasita. Wateolojia wametoa njia: labda Adamu ni kichwa aliyeteuliwa na Mungu kati ya wengi, labda ni jina la jamii nzima ilipoanza kumjua Mungu na kumkataa. Mimi naelemea hii ya pili, bila raha kamili. Anayeishika lazima akubali kusoma Mwanzo kama ufunuo wa sisi ni nani mbele za Mungu na kuacha kuisoma kama kalenda. Kwa muumini aliyelelewa na kalenda hiyo, huko ni kufiwa na kitu, na mwalimu asimwambie ni kitu kidogo. Mpenda sayansi naye atoe chake: aache kudai kwamba kwa kuwa amejua mkono ulivyofanyika, amejua pia kwamba hakuna aliyekusudia uwepo. Taya la mbuzi halina habari hiyo.

Bado gharama kubwa kuliko ya Adamu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana selimundu, sikoseli kama tunavyouita mitaani. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwa nini ugonjwa huu umejaa katika nchi zetu za malaria: mwenye kurithi jeni hilo kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali, kwa hiyo jeni likahifadhiwa na kuenea. Anayelirithi kwa wazazi wote wawili huumwa. Ni mfano mzuri kuliko yote ya uteuzi asilia kwa binadamu, nimeufundisha mara nyingi. Usiku ambao mtoto yule amekunja magoti kifuani kwa maumivu ya mifupa, dada yangu amemshika mgongo na chupa ya maji ya vuguvugu, mfano huo hausemeki. Kinga ya kaka zake imelipiwa na mwili wake. Ikiwa Mungu aliumba kwa njia hii, basi maumivu hayakuingia duniani kwa mlango wa nyuma. Yalikuwamo kwenye mtambo tangu mwanzo, mamilioni ya miaka kabla hajatokea mtu wa kutenda dhambi.

Sina dawa ya hilo. Nimewasikia wanaosema dunia inayojiunda yenyewe ina uhuru, na uhuru una majeraha. Nimewasikia wanaosema Msalaba ni Mungu kuingia ndani ya mtambo huo huo. La pili linanishika zaidi, na ndilo linaloniweka benchini Jumapili. Lakini anayekataa mageuko hakwepi swali hili, kwa maana mtoto yule anaumwa hata kwa hesabu ya miaka 6,000. Ayubu aliuliza kabla ya Darwin.

Binti wa katekista alirudi Jumatatu bila taya. Nilimuuliza liko wapi, nikihofia limetupwa. Akasema baba yake ameomba akae nalo kidogo. Jioni ile wazee wa kigango walikuwa na kikao, na alitaka wajigusie masikio kwanza, kabla hajafungua Mwanzo.